Ukiona Vyaelea, Vimeundwa: Ziara ya Mwanafunzi wa Famasia Kiwandani na Maana Yake kwa Mgonjwa wa Lurambi

Utangulizi

Waswahili walinena kuwa ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii ni ya watu wa bahari, waliofahamu kwamba jahazi halielei majini ila baada ya kazi ndefu ya fundi, msumeno na kalafati. Tembe ya dawa nayo ni chombo cha namna hiyo. Mama anayepewa tembe tatu katika kliniki ya wajawazito huko Butsotso, au mzee anayenunua dawa ya shinikizo la damu mjini Kakamega, huona kitu kidogo cheupe kinachotoshea kwenye ncha ya kidole. Haoni mitambo, mizani, maabara wala marundo ya karatasi zilizotiwa saini kabla ya kitu hicho kidogo kumfikia mkononi. Aghalabu hata anayempa hajawahi kuviona.

Makala haya yanadhamiria kufafanua ziara ya kielimu ambayo wanafunzi wa famasia hufanya katika kiwanda cha kutengeneza dawa. Kwanza, tutaeleza nafasi ya ziara hiyo katika mafunzo yao na mahali viwanda vyenyewe vilipo. Pili, tutamwongoza msomaji ndani ya kiwanda, hatua kwa hatua, tangu chumba cha kubadilishia mavazi hadi chumba cha kufungashia. Tatu, tutaonyesha kwa mifano ya kihistoria kwa nini masharti ya viwanda hivi ni makali. Mwisho, tutahoji jambo linalotugusa sisi wapenzi wa Kiswahili moja kwa moja: je, utengenezaji wa dawa huishia kwenye lango la kiwanda?

Huenda msomaji akauliza jarida la wanafunzi wa Kiswahili lina haja gani na famasia. Jibu ni kwamba Lurambi ni mahali ambapo taaluma hizi mbili hukutana kila siku. Hapa ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, kilichoanza mwaka 1972 kama chuo cha WECO na kupata hadhi kamili ya chuo kikuu mwaka 2007. Hapa pia ndipo ilipo hospitali kuu ya rufaa ya Kaunti ya Kakamega, ambako wagonjwa hufika kutoka Sheywe, Mahiakalo, Shirere na Butsotso zote tatu, pamoja na maeneo ya mbali zaidi. Kitabu cha mfamasia kimeandikwa kwa Kiingereza, mgonjwa huzungumza Lutsotso au Kiswahili, na dawa imo katikati yao.

Nafasi ya ziara katika mafunzo

Famasia ni taaluma ya dawa: asili yake, utengenezaji wake, utunzaji wake na matumizi yake salama. Chuo Kikuu cha Nairobi ndicho kilichotangulia kutoa mafunzo ya shahada ya famasia nchini Kenya katika miaka ya 1970, na leo vyuo vikuu kadhaa hufanya hivyo. Shahada huchukua miaka mitano. Wapo pia wanaosomea stashahada, ambao ndio tunaowakuta kwa wingi katika zahanati na maduka ya dawa mashinani.

Darasani, mwanafunzi hujifunza kutengeneza dawa kwa kiasi kidogo. Hupima unga kwa gramu, huuponda kwa kinu na mchi cha kauri, huchanganya marhamu juu ya kigae, na akikosea huosha vyombo na kuanza upya. Kiwandani hali ni tofauti. Tuchukue mfano wa hesabu rahisi. Mchanganyiko wa kilo 300 ukigandamizwa kuwa tembe zenye uzito wa miligramu 600 kila moja hutoa tembe 500,000. Ikiwa mtu mzima hunywa tembe mbili kwa mara moja, basi mchanganyiko huo mmoja ni dawa ya mara 250,000. Kosa la muuguzi humdhuru mgonjwa mmoja; kosa la kiwanda husafiri kwa malori hadi kaunti nyingi kabla ya kugunduliwa. Huo ndio ukweli wa kwanza ambao ziara humfunza mwanafunzi, na ni vigumu kuufahamu bila kusimama mbele ya mtambo unaotema tembe kama mvua ya mawe.

Aidha, ziara huunganisha masomo ambayo darasani huonekana kama visiwa. Kemia, fizikia, biolojia ya vijidudu na sheria hukutana katika chumba kimoja. Mtembea bure si sawa na mkaa bure.

Viwanda viko wapi?

Viwanda vingi vya dawa nchini Kenya viko Nairobi na viunga vyake. Kampuni ya Cosmos iko katika eneo la viwanda la jiji hilo, na Dawa Limited iko Baba Dogo, Ruaraka. Kampuni ya Universal Corporation Limited iko Kikuyu, kando ya njia ambayo basi kutoka Kakamega kupitia Nakuru huipita likielekea jijini. Anayeelekea magharibi naye huvuka mpaka Busia au Malaba hadi Luzira, Kampala, ambako kiwanda cha Quality Chemical Industries kilifunguliwa mwaka 2007 kwa ushirikiano na kampuni ya Cipla ya India, ili kutengeneza dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI na dawa za malaria.

Kiwanda cha Kikuyu kinastahili kutajwa kwa sababu maalumu. Mwaka 2023 kilikuwa cha kwanza barani Afrika kupata idhini ya ubora ya Shirika la Afya Duniani kwa dawa ya sulfadoksini na pirimethamini, ambayo wengi huifahamu kwa herufi SP. Dawa hii haitumiki tena nchini kama tiba ya kawaida ya malaria, kwa maana mwaka 2004 Kenya ilibadilisha sera yake na kuchagua dawa za mseto zenye asili ya artemisinini. Hata hivyo, SP bado hupewa wanawake wajawazito ili kuwakinga dhidi ya malaria katika maeneo ambako ugonjwa huo umeenea mwaka mzima, yaani kanda ya Ziwa na Pwani. Kaunti ya Kakamega imo katika kanda ya Ziwa. Kwa hivyo, mwanafunzi kutoka Lurambi anayeitazama tembe ya SP ikitoka mtamboni anatazama dawa ya dada zake na shangazi zake.

Si lazima kila ziara iende mbali, wala kiwanda hakilazimiki kuwa kikubwa ili kifunze. Pembezoni mwa Msitu wa Kakamega, kikundi cha wakulima kiitwacho Muliru Farmers Conservation Group, kikishirikiana na kituo cha utafiti cha icipe, kilianza kupanda mrihani wa kafuri, ambao jina lake la kisayansi ni Ocimum kilimandscharicum, na kutoa mafuta yake ili kutengeneza marhamu ya kuchua iitwayo Naturub. Kazi hiyo ya kuuhifadhi msitu na kuwapatia watu riziki ilikitunukia kikundi hicho tuzo ya kimataifa ya Equator mwaka 2010. Mbinu yake ni ya kale na ni sahihi. Majani hujazwa katika pipa, mvuke wa maji hupitishwa ndani yake, mvuke huo hubeba mafuta, kisha hupozwa na kurudi kuwa maji, na mafuta hujitenga. Mwanafunzi aliyeuelewa mtambo huo hataogopa mabomba ya kiwanda kikubwa.

Ndani ya kiwanda

Ziara ya kiwandani huanza kwa kuvua. Saa, pete, hereni na bangili huachwa nje, na simu pia. Vipodozi haviruhusiwi, kwa sababu chembe za poda ya usoni zaweza kuangukia dawa. Mwenye kikohozi au kidonda kibichi hukatazwa kuingia kabisa. Mgeni hunawa mikono, huvaa joho, kofia inayofunika nywele zote, barakoa na vifuniko vya viatu. Katikati ya chumba huwa na benchi pana: upande mmoja ni wa viatu vya nje, upande wa pili ni safi. Mguu usiofunikwa haukanyagi ng'ambo ya benchi hilo. Wageni hugawanywa katika makundi madogo, kwa kuwa binadamu ndiye mchafuzi mkuu wa dawa: ngozi yake, nywele zake na pumzi zake humwaga chembe na vijidudu kila dakika.

Baada ya hapo, jambo la kwanza kuonwa ni bohari la malighafi. Kila pipa lina kibandiko cha rangi. Katika viwanda vingi manjano ni alama ya karantini, yaani mali iliyofika lakini haijapimwa. Kijani ni ruhusa. Nyekundu ni iliyokataliwa, nayo hufungiwa mahali pake pekee. Hakuna pipa linaloingia katika utengenezaji kwa sababu tu muuzaji ameandika juu yake kuwa ni safi. Maabara huchukua sampuli na kuthibitisha kuwa kilichomo ndicho kilichoandikwa.

Ni muhimu kueleza hapa kwamba tembe si dawa tupu. Kuna kiambato hai, ambacho ndicho hutibu, na kuna viambato visaidizi. Tembe ya parasetamoli yenye miligramu 500 za dawa huwa na uzito zaidi ya huo, kwa sababu ndani yake mna wanga wa mahindi wa kuifanya ipasuke tumboni, gundi ya kuishikilia isivunjike njiani, na kilainishi cha kuizuia isinate kwenye chuma cha mtambo. Viambato visaidizi havitibu, ila vikikosewa dawa haitibu pia.

Kazi yenyewe hufuata mkondo ufuatao. Kwanza ni kupima. Mtu mmoja hupima, wa pili hushuhudia, na wote wawili hutia saini. Pili ni kuchanganya, ili kiambato hai kisambae sawasawa. Tatu, unga huloweshwa kwa gundi na kufanywa chembechembe, kwa sababu unga laini hautiririki vizuri na hungang'ania pembeni mwa mtambo, ilhali chembechembe hutiririka kama mchele. Nne, chembechembe hukaushwa kwa hewa ya moto na kuchekechwa zilingane. Tano, kilainishi huongezwa na mchanganyiko huzungushwa kwa muda maalumu. Ukizidishwa muda huo, kilainishi huzifunika chembe zote, na tembe huwa ngumu kulowa maji. Sita ni kugandamiza: mchanganyiko huanguka katika vitundu vya sahani inayozunguka, na vyuma viwili hukutana juu na chini yake kuubana kuwa tembe. Saba, tembe nyingine hufunikwa kwa utando mwembamba ili kuficha uchungu au kuilinda dawa dhidi ya unyevu au asidi ya tumbo. Nane ni kufungasha.

Jambo ambalo huwashangaza wageni wengi ni hewa. Katika sehemu ya tembe, shinikizo la hewa katika ushoroba huwa kubwa kuliko lile la vyumba vya kazi. Mlango ukifunguliwa, hewa huingia chumbani na vumbi la dawa halitoki. Kwa njia hiyo, vumbi la dawa ya kisukari haliendi kuchafua dawa ya watoto iliyoko chumba cha pili. Katika sehemu ya dawa za sindano mpangilio hugeuzwa: chumba cha kujazia ndicho chenye shinikizo kubwa, ili uchafu wa nje usiingie. Kanuni ni moja, lakini swali hubadilika: je, tunazuia kitoke au tunazuia kiingie? Penisilini nayo hutengenezwa katika majengo yake maalumu, kwa kuwa chembe kidogo mno yaweza kumdhuru vibaya mtu ambaye mwili wake hauivumilii.

Kati ya bechi moja na nyingine, yaani kati ya fungu moja la dawa lililotengenezwa pamoja na fungu linalofuata, mtambo huoshwa na chumba hukaguliwa. Hutafutwa hata tembe moja iliyojificha chini ya ukanda, au kibandiko kimoja cha dawa ya jana. Tembe hiyo moja ikiingia katika chupa isiyo yake, mgonjwa atameza ugonjwa badala ya tiba.

Maabara: mahali pa kusema hapana

Chumba cha mitambo huvutia macho, lakini moyo wa kiwanda ni maabara. Hapa mwanafunzi hutambua kuwa vipimo alivyovikariri vina sababu.

Kipimo cha kwanza ni cha uzito. Tembe 20 hupimwa mojamoja na kulinganishwa na wastani wake. Kwa tembe zenye miligramu 250 au zaidi, kitabu cha viwango cha Uingereza huruhusu tofauti ya asilimia 5. Tembe mbili tu ndizo zinazoweza kuvuka kiasi hicho, na hakuna hata moja inayoruhusiwa kuvuka asilimia 10. Kipimo cha pili ni cha uimara. Tembe huzungushwa katika ngoma mara 100, nazo hazipaswi kupoteza zaidi ya asilimia 1 ya uzito wake. Maana yake ni kuwa barabara ya vumbi na mashimo kutoka bohari hadi zahanati isizigeuze kuwa unga. Kipimo cha tatu ni cha kupasuka. Tembe sita zisizofunikwa huwekwa katika maji yenye joto la mwili, nyuzi 37 za selsiasi, nazo hutakiwa kupasuka kabla ya dakika 15.

Kipimo cha nne ndicho kizito zaidi: kuyeyuka. Tembe yaweza kuwa na kiwango kamili cha kiambato hai, ikapasuka vizuri, lakini dawa yenyewe isiyeyuke. Dawa isiyoyeyuka haiingii damuni; hupita tumboni na kutoka kama ilivyoingia. Ukiipima kwa kemia pekee utasema ni nzuri, ilhali mgonjwa hapati nafuu. Ndiyo sababu mwanafunzi hukuta vyombo vya kioo vyenye maji ya joto, pangaboi zikizunguka ndani yake, na mhudumu akichota sampuli kwa saa maalumu ili kujua ni kiasi gani kimeyeyuka.

Zaidi ya hayo, kila bechi huachiwa sampuli za akiba, ambazo huhifadhiwa angalau mwaka mmoja baada ya tarehe ya mwisho wa matumizi. Malalamiko yakija kutoka Lurambi au Lodwar, kiwanda hufungua kabati na kupima tembe ndugu ya ile iliyolalamikiwa. Pia kuna makabati yenye joto la nyuzi 40 na unyevu wa asilimia 75, ambamo dawa huwekwa kwa miezi sita ili kuona mapema jinsi itakavyochakaa.

Yote haya huandikwa. Katika viwanda vya dawa kuna msemo kwamba kisichoandikwa hakikutendeka. Nambari ya bechi iliyochapishwa kwenye pakiti ni ufunguo wa kumbukumbu hizo zote: nani alipima, kwa mizani gani, saa ngapi, na kutoka pipa lipi. Bodi ya Famasia na Sumu, iliyoundwa chini ya Sura ya 244 ya Sheria za Kenya, husajili dawa na kukagua viwanda, na karatasi hizo ndizo wakaguzi wake huziomba.

Masharti yaliyoandikwa kwa machozi

Mwanafunzi anaweza kudhani kuwa masharti haya ni urasimu mtupu. Historia inamkanusha.

Mwaka 1937 kampuni moja nchini Marekani ilitaka kuuza dawa ya sulfanilamidi katika hali ya maji maji. Mkemia wake aliiyeyusha katika diethilini glikoli, kioevu kitamu na chenye sumu. Hakikujaribiwa kwa mnyama wala kwa mtu. Zaidi ya watu 100 walikufa, wakiwemo watoto. Mwaka uliofuata, 1938, Marekani ilipitisha sheria iliyodai dawa ithibitishwe kuwa salama kabla ya kuuzwa.

Mtu angetaraji kuwa somo hilo lilitosha. Halikutosha. Mwaka 2022 watoto wapatao 70 walikufa nchini Gambia kwa figo kushindwa kufanya kazi, baada ya kunywa dawa za maji za kikohozi na homa zilizoagizwa kutoka ng'ambo. Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari mwezi Oktoba mwaka huo kuwa dawa hizo zilikuwa na diethilini glikoli na ethilini glikoli. Miaka 85 ilitenganisha misiba hii miwili, lakini sumu ni ile ile na njia ni ile ile: kioevu kisichofaa kuingizwa katika dawa kilipita bila kuzuiwa. Kipimo cha kukitambua kinajulikana, na hufanyika katika maabara ya kawaida ya kiwanda. Basi kile kibandiko cha manjano kinachosema "subiri" si pambo. Kimesimama kati ya pipa na kaburi la mtoto.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, takribani bidhaa moja ya tiba kati ya 10 haifikii kiwango au ni ya kughushi. Takwimu hiyo haimaanishi kuwa mgonjwa atupe dawa zake. Inamaanisha kuwa mtu wa mwisho kuishika dawa kabla ya mgonjwa hana budi kuwa macho. Mwanafunzi aliyewahi kuona tembe nzuri ikitengenezwa ataitambua mbaya kwa wepesi: yenye madoa, iliyomeguka, isiyo na nambari ya bechi, au ambayo tarehe yake imekwaruzwa na kuandikwa upya.

Hatua ya mwisho ni lugha

Sasa tufikie hoja yetu kuu. Tembe imepimwa, imegandamizwa, imekaguliwa na kuruhusiwa. Imesafiri hadi Lurambi. Mtoaji dawa anaifunga katika bahasha ndogo na kuandika "1 x 3". Kwa yeye, maana ni tembe moja mara tatu kwa siku. Mgonjwa anaweza kusoma kuwa ni moja kwa siku tatu, au tatu kwa mara moja. Kazi yote ya kiwanda, pamoja na hewa yake iliyochujwa na saini zake mbili mbili, inaweza kuharibiwa na herufi moja na tarakimu mbili.

Kuna mitego mingine ambayo mjuzi wa Kiswahili huiona mapema kuliko mfamasia. Mfano wa kwanza ni saa. Maelezo "meza kila saa nane" yanaweza kueleweka kwa namna mbili: kila baada ya muda wa saa nane, au kila ifikapo saa nane, yaani mara mbili kwa siku, mchana na usiku. Mgonjwa wa kwanza atameza mara tatu, wa pili mara mbili. Mfano wa pili ni neno dozi. Mfamasia husema dozi akimaanisha kiasi kinachomezwa kwa mara moja. Mtaani, "kumaliza dozi" ni kumaliza dawa zote za siku tano au saba. Anayeambiwa "ukisahau dozi moja, usiongeze" anaweza kutatizika kweli kweli. Mfano wa tatu ni kijiko. Kijiko cha chai cha kupimia dawa huchukua mililita 5, kile kikubwa mililita 15. Anayesema "kijiko kimoja" bila kufafanua amekubali mtoto apewe mara tatu ya kiasi chake. Mfano wa nne ni kitenzi "kunywa", ambacho hutumika kwa dawa za maji na tembe vilevile, ilhali kuna tembe za kutafuna, za kumumunya na za kuyeyusha kwanza katika maji.

Sheria iko upande wa mgonjwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa pamoja na maelezo yanayohitajika ili kufaidika nazo. Karatasi ndefu ya Kiingereza iliyokunjwa ndani ya pakiti, kwa maandishi madogo kama mbegu za mtama, haitimizi haki hiyo kwa mzee wa Butsotso.

Wapo wanaodai kuwa Kiswahili hakina istilahi za kutosha kwa sayansi hii. Dai hilo ni la kukaliwa na uvivu. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka 1990. Msomaji ameona jinsi makala haya yalivyotumia tembe, marhamu, kiambato hai, bechi, karantini na kilainishi bila kukwama. Baadhi ni maneno ya kale, mengine ni ya kukopa na kuswahilishwa, na yote yanaeleweka. Kinachopungua ni mazoea.

Mapendekezo

Ili ziara ya kiwandani isiwe matembezi ya kupiga picha langoni, tunapendekeza yafuatayo:

(i) Wanafunzi wajiandae kwa maswali kabla ya safari. Anayefika na swali kuhusu dawa moja, mathalani SP, na kuifuata tangu bohari hadi kufungashwa, hupata mengi kuliko anayetazama kila kitu.

(ii) Maabara ipewe muda sawa na mitambo. Mwanafunzi aombe kuelezwa jinsi bechi inavyokataliwa, na jinsi dawa inavyorudishwa kutoka sokoni kosa likigunduliwa.

(iii) Ripoti ya ziara iandikwe mara mbili: kwa Kiingereza kwa mhadhiri, na kwa Kiswahili kwa ukurasa mmoja unaoweza kusomwa na mgonjwa.

(iv) Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili na vya famasia vishirikiane kuandaa maelezo sanifu ya matumizi ya dawa: "Meza tembe moja asubuhi, moja mchana na moja usiku, kwa siku tano." Sentensi hiyo haina utata, na huandikwa kwa nusu dakika.

(v) Maelezo hayo yajaribiwe kwa watu halisi kabla ya kuchapishwa, kama tembe inavyojaribiwa. Msomaji aulizwe arudie alichoelewa. Akikosea, kosa ni la maelezo.

Hitimisho

Tumeona kuwa ziara ya mwanafunzi wa famasia kiwandani humfunza mambo ambayo darasa haliwezi: ukubwa wa kazi, uzito wa kosa, na thamani ya neno "hapana" linalotamkwa na maabara. Tumeona pia kuwa masharti ya viwanda yalitokana na vifo vya watu, wakiwemo watoto, tangu Marekani mwaka 1937 hadi Gambia mwaka 2022.

Hata hivyo, dawa haijakamilika inapotoka kiwandani. Hukamilika pale mgonjwa anapojua ameze nini, kiasi gani, lini na kwa muda gani. Hatua hiyo haina mtambo. Ina maneno tu. Kiwanda chake ni dirisha la dawa, na malighafi yake ni lugha. Katika kiwanda hicho, mwanafunzi wa Kiswahili wa Lurambi si mgeni wa kuvalishwa joho na kuoneshwa njia. Ni fundi, na kazi inamngoja.